Kuandaa kipindi cha Kiswahili kwa akili mnemba: mwongozo wa mwalimu wa sekondari

Tangu ChatGPT ilipotolewa Novemba 2022, walimu wengi wamepita njia moja. Mwanzoni ni mshangao. Halafu kuomba kila kitu, kuanzia azimio la kazi mpaka hotuba ya mahafali. Kisha siku moja unakuta mashine imetunga methali ambayo hakuna mzee aliyewahi kuitamka, tena imeipa na maana. Hapo wengine huachana nayo moja kwa moja, na wengine huendelea kunakili bila kusoma.

Mwongozo huu ni wa wale ambao bado hawajaamua. Nimeulenga kwa mwalimu wa Kiswahili wa sekondari kwa sababu katika somo hili makosa ya mashine yanaonekana kwa macho, hayahitaji maabara. Mwalimu wa Historia au Biolojia naye atapata cha kuchukua, hasa kwenye ombi, maswali na taarifa za wanafunzi.

Kanuni ninayoifuata ni moja: iombe mashine kazi ambayo unaweza kuikagua mwenyewe, kwa muda ulio nao. Usipoweza kuikagua, usiiombe.

Hatua ya 1: Amua kazi kabla ya kufungua programu

Kaa na daftari. Andika kazi za wiki nzima, kisha zitenge katika mafungu matatu.

Fungu la kwanza ni kazi za kujirudia ambazo wewe unazijua usingizini: sentensi 30 za kubadili umoja kuwa wingi, jedwali la mnyambuliko wa vitenzi, maswali ya kujaza nafasi. Mashine itazileta kwa dakika moja, wewe utakagua kwa dakika tano au kumi. Kwenye mnyambuliko, peleka jicho kwanza kwa vitenzi vyenye mzizi wa silabi moja kama *kula* na *kufa*, kisha vile vya asili ya Kiarabu kama *sahau*, *jibu* na *samehe*. Ukikuta *kusoma* imezaa "somika" badala ya *someka*, karatasi nzima irudie upya kwa makini, maana iliyokosea kanuni ya irabu mahali pamoja haiwezi kuaminiwa pengine.

Fungu la pili ni mawazo: namna tano za kuanzisha kipindi cha fasihi simulizi, mada za mdahalo, igizo fupi la sokoni. Hapa hakuna jibu la kukosea. Unachukua unalolipenda, mengine unayatupa.

Fungu la tatu ni mambo ya hakika: nani aliandika nini na mwaka gani, maana za methali, asili ya maneno, wahusika wa riwaya, mitihani ya miaka ya nyuma. Haya usiiombe mashine. Kamusi ipo, kitabu kipo, na mitihani iliyopita inapatikana kwa njia zake za kawaida. Ukiomba "swali la NECTA la 2015 kuhusu ngeli", utaandikiwa swali lenye sura ya NECTA (Baraza la Mitihani la Tanzania), mwaka na namba juu yake, na huenda halijawahi kutokea kwenye karatasi yoyote.

Hatua ya 2: Simu, akaunti na bando

ChatGPT, Gemini, Copilot na Claude zote zina toleo la bure, na kwa kazi za kipindi linatosha. Usilipie chochote mpaka utakapoona kazi gani hasa inakwama. Maandishi hayali bando sana, picha na sauti ndizo zinazolimaliza.

Ombi lako liandike kwanza kwenye sehemu ya kuhifadhi maandishi ndani ya simu, au ujitumie mwenyewe kwa WhatsApp, ndipo ulinakili kwenye programu. Mtandao ukikatika katikati hutaanza upya, na wiki ijayo utalitumia tena kwa kubadilisha mada tu.

Ingia kwenye mipangilio ya programu utafute sehemu inayoruhusu mazungumzo yako kutumika kufundishia mashine, uizime. Na akaunti ya ofisi nzima, ile ambayo kila mwalimu anajua nywila yake, siipendi hata kidogo. Ukiandika humo habari za mwanafunzi mwenye matatizo nyumbani, kila atakayeingia ataisoma.

Hatua ya 3: Andika ombi lenye darasa lako ndani yake

Hapa ndipo kazi yote ilipo. Mwalimu anaandika "Niandikie andalio la somo la ngeli za nomino", anapata andalio la shule isiyokuwepo duniani: wanafunzi 20, video ya kuanzia, kadi za rangi, kila kikundi na kompyuta yake. Kisha analalamika kwamba mashine haifai. Mashine haikuambiwa kuwa darasa lina watoto 72 na ubao uliochubuka upande wa kulia.

Anza na muhtasari wa somo na kitabu. Kwa Tanzania hili lina uzito wa pekee, kwa sababu utekelezaji wa mtaala ulioboreshwa ulianza Januari 2024 kwa awamu, na mengi yaliyoandikwa mtandaoni kuhusu masomo yetu ni ya mtaala uliotangulia. Ukiiachia mashine ijisemee yenyewe, utapewa mada kuu na mada ndogo za zamani huku mkaguzi anasubiri umahiri mkuu na umahiri mahususi. Mihtasari na vitabu vya kiada vimo kwenye Maktaba Mtandao ya Taasisi ya Elimu Tanzania. Mwenzangu wa Kenya achukue maneno ya KICD, taasisi ya mitaala ya huko, kama yalivyo: mada, mada ndogo, matokeo maalum yanayotarajiwa, maswali dadisi.

Hili ni ombi unaloweza kulinakili na kulibadilisha:

> Mimi ni mwalimu wa Kiswahili, Kidato cha Pili, shule ya kutwa nchini Tanzania. Darasa lina wanafunzi 72, wanakaa wawili wawili. Hakuna projekta wala kompyuta, kuna ubao na chaki. Nina vipindi viwili mfululizo, jumla dakika 80. Umahiri mahususi kutoka kwenye muhtasari ni huu: (nakili hapa). Maelezo ya kitabu ninachotumia ni haya: (andika aya mbili au tatu). Nipe shughuli tatu za wanafunzi, kila moja na dakika zake, zinazoweza kufanyika bila kuhamisha madawati. Tumia istilahi zilizomo kwenye maelezo yangu tu. Usiongeze nadharia. Kama kuna jambo halimo kwenye maelezo yangu na unalihitaji, niulize kwanza.

Sentensi mbili za mwisho ndizo zinazookoa. Mashine hizi zimezoea kujaza nafasi, yaani zikikosa habari huitunga. Ukiziruhusu kuuliza, mara nyingi zitauliza: wanafunzi wameshafundishwa viambishi? Lugha ya nyumbani ni ipi? Maswali ya namna hiyo hata mkuu wa idara hayaulizi.

Jibu la kwanza lisikufunge. Lifinye. "Shughuli ya pili inataka karatasi za manila, hatuna." "Dakika 10 za kugawana vikundi hazitoshi kwa watu 72, panga upya." "Igizo liwe la watu wawili wakiwa wamekaa." Kwa kawaida ukifika zamu ya tatu au ya nne unapata kitu kinachofanana na darasa lako. Ukiona umepita zamu ya sita na bado unabishana nayo, funga simu uandike mwenyewe.

Hatua ya 4: Kwenye sarufi, iambie unafuata utaratibu wa nani

Ngeli ni mfano mzuri wa namna mashine inavyoweza kusema kitu kinachoonekana sahihi na kikaliharibu darasa. Ukiuliza *mtu* ni ngeli gani, leo utaambiwa M-WA, kesho A-WA, keshokutwa YU-A-WA. Zote zina wenyewe. Ya kwanza inagawa kwa umbo la nomino, nyingine kwa upatanisho wa kisarufi. Mwanafunzi atakayezichanganya kwenye jibu moja atapoteza alama.

Mpaka wa nchi nao una lake. Vitabu vya Kenya vina ngeli ya I-I kwa nomino kama *sukari*, U-U kwa *uji*, na YA-YA kwa *maji*. Vitabu vya Tanzania kwa kawaida havizitengi hivyo, na *sukari* inakaa I-ZI. Mashine imesoma vya kote kote na haioni tofauti. Kwa hiyo orodha ya ngeli iandike mwenyewe ndani ya ombi, kama ilivyo kwenye kitabu chako, kisha sema: "Tumia orodha hii tu."

Halafu ikague kwa nomino za mtego. Tupia *kipofu*, *kifaru*, *kijana*, *kiongozi*. Umbo lake ni la KI-VI, upatanisho wake ni wa viumbe hai: kifaru *amekufa*, si kimekufa. Ongeza *gari*, ambalo mtaani watu husema "gari yangu" na shuleni ni *gari langu*. Mashine iliyolishwa maandishi ya mitandao ya kijamii inaweza kukuletea la mtaani kwenye karatasi ya mtihani.

Hatua ya 5: Ushairi, na namna ya kuligeuza kosa kuwa somo

Mizani ndiyo udhaifu mkubwa kuliko wote. Programu hizi hazisomi silabi. Huyakata maneno katika vipande vya kwao, na vipande hivyo havina habari na utaratibu wetu wa konsonanti na irabu. Neno *tuipende*, ambalo mtoto wa darasa la tatu atakugongea mara nne juu ya dawati, kwa mashine linaweza kuwa vipande viwili au vitatu vilivyokatwa popote. Ndiyo maana inakuambia kwa kujiamini kwamba mshororo una mizani 16 wakati una 17.

Ukiomba ubeti mmoja wa tarbia (shairi la mishororo minne kwa ubeti) kuhusu elimu, mizani nane kwa nane, unaweza kuletewa kitu cha namna hii:

> Elimu ni kitu bora, tuipende sote daima,
> Tusome kwa bidii, tupate maisha mema,
> Walimu wetu ni taa, wanatuongoza vema,
> Shukrani kwao milele, Mungu awape neema.

Kwa haraka haraka umekaa vizuri. Mishororo minne, koma katikati, vina vya mwisho vyote ni *-ma*. Mwalimu mwenye haraka ataunakili ubaoni kama mfano wa shairi la arudhi.

Sasa hesabu. Ukwapi (nusu ya kwanza) wa mshororo wa kwanza, *E-li-mu ni ki-tu bo-ra*, ni nane. Utao wake (nusu ya pili), *tu-i-pe-nde so-te da-i-ma*, ni tisa. Ukwapi wa mshororo wa pili, *Tu-so-me kwa bi-di-i*, ni saba. Vina vya kati ndiyo vimetawanyika kabisa: *-ra*, *-i*, *-a*, *-le*. Na *shukrani* ni silabi ngapi? Yupo atakayesema tatu, yupo atakayeitamka *shukurani* na kupata nne. Huo ni ubishi mzuri, uache uendelee dakika mbili.

Ubeti mbovu wa namna hii una manufaa darasani kuliko ubeti safi. Uandike ubaoni bila kusema umetoka wapi. Waambie wagonge madawati kwa kila silabi, upande wa kushoto wa darasa wasome ukwapi, upande wa kulia wasome utao. Kosa litajitangaza lenyewe, kwa sababu kushoto watamaliza mapema kwenye mshororo wa pili na kulia watachelewa kwenye wa kwanza. Wakumbushe hapo kwamba *mtu* na *nchi* ni mizani mbili mbili, ila *mbuzi* ni mbili pia, si tatu. Herufi *m* ya *mbuzi* haisimami peke yake.

Kisha wape kazi ya kuurekebisha kwa kubadilisha machache iwezekanavyo. Mshororo wa tatu unapona kwa neno moja tu: *taa* ikiwa *dira*, mizani inabaki nane na kina kinakuwa *-ra*. Darasa likikwama kwenye ile miwili ya kwanza, njia mojawapo ni hii:

> Elimu ni kitu bora, tuishike kwa heshima,
> Tusiende kwa papara, tupate maisha mema,
> Walimu wetu ni dira, wanatuongoza vema,

Mshororo wa nne waachie wao. Una masharti magumu ya kutosha: kina cha kati *-ra*, kina cha mwisho *-ma*, nane kwa nane, na uwe na maana. Vikundi kumi vitakuletea mishororo kumi, na angalau mmoja utakuwa bora kuliko chochote kilichotoka kwenye simu.

Baada ya hapo ndipo uwaambie mtunzi wa ubeti ule alikuwa nani. Wanafunzi hufurahi sana kugundua kwamba wameisahihisha mashine, na furaha hiyo itakusaidia utakapofika kwenye suala la insha za kuandikiwa.

Kuhusu maudhui sisemi mengi. Mashairi ya mashine yote ni elimu ni taa, amani ni tunu, mama ni mama. Hayana mtu ndani wala mahali.

Hatua ya 6: Maswali, majibu na mwongozo wa kusahihisha

Kwa maswali ya kuchagua, usiseme "nipe maswali 20 ya vitenzi". Iorodheshee kwanza makosa ambayo wanafunzi wako huyafanya kweli, uliyoyaona kwenye madaftari: wanachanganya kitenzi kisaidizi na kishirikishi, wanadhani kila kiambishi *ku-* ni cha mahali, na kadhalika. Kisha sema: "Kila jibu lisilo sahihi litokane na moja ya makosa haya." Hapo jibu analolichagua mwanafunzi litakuambia tatizo lake ni lipi. Bila agizo hilo, majibu yasiyo sahihi huwa ya kipuuzi kiasi kwamba asiyesoma kabisa anayatambua.

Omba maswali bila majibu. Fanya mtihani mwenyewe, kwa kalamu, ndipo uombe majibu na ulinganishe. Penye tofauti kati yako na mashine, mmoja wenu amekosea au swali lina majibu mawili. Kwa vyovyote vile swali hilo halifai kwenda darasani likiwa hivyo. Angalia pia urefu: ukikuta jibu sahihi ndilo refu kuliko mengine kwenye maswali 14 kati ya 20, watoto wataligundua hilo kabla ya kipindi kuisha.

Mwongozo wa kusahihisha insha inauandika vizuri ukiipa mgawanyo wa alama. Barua rasmi iangalie kwa makini. Ya mashine inaweza kuanza na "Mpendwa Bwana au Bibi" na kuishia "Wako kwa dhati", huku sehemu ya KUH (kuhusu) imesahauliwa. Ipe mashine muundo wa barua kama unavyoufundisha, ndipo uombe mgawanyo.

Hatua ya 7: Vitabu vya fasihi, soma mwenyewe

Riwaya na tamthiliya zilizoteuliwa kwa ajili ya mitihani ndizo hatari zaidi. Mashine inaweza kulijua jina la kitabu bila kukijua kitabu chenyewe. Ukiiomba uchambuzi wa wahusika itakupa majina yanayosikika kama ya kitabuni, dhamira za rushwa, nafasi ya mwanamke na umaskini, na mfano kutoka "sura ya tano" ya kitabu kisicho na sura tano. Dhamira hizo hukubalika kwa sababu zinafaa karibu kila kitabu, na hapo ndipo mtego ulipo.

Njia inayofaa ni kuchapa wewe mwenyewe kipande kifupi, aya moja au mazungumzo ya nusu ukurasa, na kuuliza juu ya kipande hicho tu: "Nipe maswali matano yanayomlazimisha mwanafunzi kurudi kwenye maneno ya kipande hiki." Kitabu kizima usikipige picha na kukipakia. Kina haki za mwandishi wake, na isitoshe hukihitaji humo. Unakihitaji mikononi mwa wanafunzi.

Hatua ya 8: Toa kwenye simu, weka ubaoni

Kabla ya kuandika chochote kwenye andalio au ubaoni, kisome kwa sauti. Kiswahili cha mashine kina harufu yake, na sikio huipata haraka kuliko jicho. Futa "ni muhimu kukumbuka kwamba", "inacheza jukumu muhimu", "katika ulimwengu wa leo unaobadilika kwa kasi". Sentensi ikikulazimu uisome mara mbili, igeuze iwe kama unavyomwambia mwanafunzi aliyekaa mbele yako. Usipofanya hivyo, muhula ujao utazikuta sentensi hizo hizo kwenye insha zao, na hutakuwa na wa kumlaumu.

Mambo ya vitendo: pale penye wanafunzi 72 na chaki, zoezi la maswali 20 halifai, kwa sababu kunakili peke yake kutakula kipindi. Omba maswali sita mafupi. Kama shule ina uwezo wa kurudufu, omba zoezi lipangwe liingie mara mbili kwenye ukurasa mmoja wa A4, ukate katikati, gharama ya fotokopi ipungue nusu.

Hatua ya 9: Majina ya watoto yabaki shuleni

Usiingize kwenye programu hizi jina la mwanafunzi, namba yake ya mtihani, picha ya ripoti yake wala habari za afya au za nyumbani kwao. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, na Kenya ina yake ya 2019. Lakini hata bila sheria, mzazi hakukukabidhi mtoto ili umpeleke huko. Ukitaka msaada wa maoni ya ripoti, andika "Mwanafunzi A, anaandika vizuri, haongei darasani, hisabu za mizani zinamshinda", kisha jina liweke mwenyewe kwenye karatasi.

Usahihishaji wa insha usiukabidhi. Mwandiko wa mkono ukipigwa picha husomwa vibaya, na mara nyingine mashine huyanyoosha makosa wakati inasoma, hivyo unapewa insha safi kuliko iliyoandikwa. Sahihisha mwenyewe. Ukishamaliza rundo, orodhesha makosa matano yaliyojitokeza sana, kisha omba zoezi fupi kwa kila kosa. Hilo inaliweza, na linakuokolea jioni nzima.

Hatua ya 10: Insha ya kuandikiwa

Wanafunzi wako wanazo simu za kaka na dada zao hata kama shuleni zimekatazwa. Mwongozo wa UNESCO wa Septemba 2023 ulipendekeza miaka 13 kuwa umri wa chini wa kutumia zana hizi darasani, na mwanafunzi wako wa Kidato cha Kwanza ama ameufikia ama yupo karibu. Kukataza tu hakutoshi.

Programu zinazodai kutambua maandishi ya mashine usizitegemee kumhukumu mtoto. OpenAI, wenye ChatGPT, walitoa ya kwao Januari 2023 wakaiondoa Julai mwaka huohuo kwa sababu haikuwa sahihi vya kutosha. Utafiti wa Chuo Kikuu cha Stanford wa 2023 ulizipima saba za namna hiyo kwa insha za watu ambao Kiingereza si lugha yao ya kwanza, na zaidi ya nusu ya insha hizo zilidhaniwa kuwa za mashine. Kama hali ni hiyo kwa Kiingereza, sioni sababu ya kuziamini kwenye insha ya Kiswahili ya mtoto wa Nachingwea.

Badilisha kazi yenyewe. Badala ya "Andika insha kuhusu umuhimu wa maji", wape: "Nenda bombani au kisimani kwenu saa za asubuhi. Nani anafika wa kwanza, wanazungumza nini, ugomvi huanzaje?" Mtoto akipeleka swali hilo kwenye mashine, atarudi na bomba ambalo halina mtu unayemfahamu. Kwenye fasihi simulizi, mtume akamhoji bibi au jirani, alete methali tatu pamoja na jina la mtaa alikozisikia na mara ya mwisho zilipotumika zilikuwa zinamsema nani. Aya ya kwanza iandikwe darasani, mbele yako, na nyumbani aendelee kutoka hapo. Mwandiko na pumzi ya aya hiyo vitakuonyesha kama zilizofuata ni za mtu yuleyule.

Na ukishuku, usimshitaki. Mwite mezani, chagua neno moja gumu au sentensi moja kwenye insha yake, mwambie: "Nieleze hapa ulitaka kusema nini." Aliyeandika ataeleza, hata kwa kigugumizi. Asiyeandika atatazama karatasi. Kwa huyo wa pili, adhabu yangu huwa ni kuipigia mstari insha hiyohiyo: atafute makosa matano ya lugha yaliyomo, ayasahihishe kwa mkono, alete kesho. Ukimpa fimbo atajifunza kuficha vizuri zaidi.

Kwa wale wenye ruhusa ya kutumia, wenye mzazi anayejua, wafundishe ombi moja tu kwanza: "Usiniandikie. Niulize maswali matano kuhusu mada hii, moja moja, na unisahihishe nikikosea." Mwanafunzi wa Kidato cha Nne anayejiandaa na mtihani akizoea ombi hilo, anapata mtu wa kumuuliza maswali saa nne usiku wakati wewe umeshalala. Sharti ni kwamba majibu yenye utata ayaandike pembeni ya daftari, alete asubuhi muyaangalie pamoja na kitabu.